Sepetu, kalenda na vilima vya ng'ambo ya Holili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu makala yenu kuhusu miji ya Ladysmith, Kimberley na Mafeking ilivyozingirwa katika Vita vya Makaburu, yaani vita vya Waingereza na Makaburu (walowezi wa asili ya Kiholanzi) huko Afrika Kusini. Mwandishi amepanga matukio vizuri, ila hitimisho lake halisimami. Anasema Makaburu walishinda mwanzoni kwa sababu ya ushujaa na bunduki ya Mauser, kisha wakashindwa kwa sababu walikuwa wachache. Mauser ilikuwa bunduki nzuri, hakuna ubishi. Lakini anayetaka kuielewa vita ile aanze na sepetu, yaani kazi ya kuchimba mahandaki, halafu atazame kalenda. Sepetu iliwapa Makaburu ushindi wa Desemba 1899. Kalenda iliwanyang'anya vita nzima. Nasi wa Kilimanjaro jambo hili linatuhusu, kwa kuwa miaka 16 baadaye mtego uleule wa Makaburu ulitegwa kwenye kilima kilichoko ng'ambo tu ya Holili, upande wa Kenya, na walionaswa walikuwa askari waliotoka Afrika Kusini.

Nianze na kalenda. Vita vilianza tarehe 11 Oktoba 1899. Siku hiyo jamhuri mbili za Makaburu, Transvaal na Orange Free State, ziliweza kuingiza uwanjani watu wengi kuliko askari wote wa Kiingereza waliokuwa Afrika Kusini. Kwa miezi ile ya kwanza, basi, hoja ya uchache haipo. Jeshi kubwa la Waingereza chini ya Jenerali Redvers Buller lilikuwa bado melini. Reli ilitoka mpakani, ikapita Ladysmith, ikashuka hadi bandari ya Durban. Makaburu wangeishika Durban, au hata kuivuruga tu, Buller angekosa mahali pa kushushia watu, farasi na mizinga upande ule wa nchi.

Tarehe 30 Oktoba, nje ya Ladysmith, walipata nafasi yao. Jenerali George White alitoka kuwashambulia, mipango yake ikavurugika, na kikosi kizima alichokituma usiku kwenda Nicholson's Nek, karibu watu 1,000, kikajisalimisha. Waingereza waliobaki walirudi mjini wakiwa wametapakaa barabarani. Makamanda vijana walitaka wafukuzwe palepale. Jenerali Piet Joubert, mzee aliyekuwa amiri wa Transvaal, alikataa. Inasimuliwa kwamba alijibu: Mungu akikunyooshea kidole, usimshike mkono mzima. Wakaketi kuuzingira mji. Katikati ya Novemba Joubert alishuka kusini na sehemu tu ya watu wake, akapita Estcourt, kisha akarudi nyuma ya mto Tugela. Wakati huo meli za Buller zilikuwa zimeanza kushusha.

Kwa nini waliketi? Sababu zilitofautiana mji kwa mji. Kimberley ilikuwa na almasi, na Cecil Rhodes mwenyewe, tajiri wa almasi hizo, alikuwa ndani. Mafeking ilihusishwa na uvamizi wa Jameson, Mwingereza aliyejaribu kuivamia Transvaal mwaka 1895, na Makaburu hawakuwa wamesahau. Ladysmith ilikuwa na jeshi na ghala. Lakini chini ya yote kulikuwa na namna jeshi lao lilivyoundwa. Kaburu hakuwa askari wa mshahara. Alikuja na farasi wake na bunduki, akamchagua ofisa wake kwa kura, na mambo makubwa yaliamuliwa katika baraza la vita. Jeshi la namna hiyo ni hodari likilinda mahali lilipojichimbia. Ukiliambia likimbilie ukuta wa risasi, nusu watabaki nyuma. Ndivyo ilivyotokea tarehe 6 Januari 1900 kwenye kilima cha Platrand, kusini mwa Ladysmith. Waliojitolea walipanda gizani na kupigana mchana kutwa kwa ujasiri mkubwa. Waliotakiwa kuwafuata wengi hawakupanda. Jioni, katikati ya mvua kubwa, Waingereza wakawashusha kwa singe. Baada ya hapo hapakuwa tena na jaribio la maana la kuuvamia mji.

Sasa nije ndani ya miji yenyewe, maana hapa makala ilizungumzia makombora kuliko kitu kingine, na makombora hayakuwa muuaji mkuu. Ladysmith imekaa chini kabisa ya bakuli, vilima pande zote na mto Klip ukipita. Ndani walijifungia askari wapatao 13,000, wenyeji wa mji, pamoja na Waafrika na Wahindi ambao makala haikuwataja. Juu vilimani Makaburu waliweka mizinga ya Creusot kutoka Ufaransa, ile iliyoitwa Long Tom: kipenyo cha milimita 155, kombora la zaidi ya kilo 40, masafa ya kilomita kama 10. Makaburu walikuwa nayo minne tu kwa nchi nzima, nayo wakaigawa huku na huku.

Long Tom ilitumia baruti ya zamani yenye moshi mwingi, na moshi huo uliokoa watu wengi. Mlinzi akiona wingu jeupe likifumka kilimani, Mafeking aligonga kengele, Kimberley ilipigwa tarumbeta. Kombora lilichukua sekunde kadhaa angani, na sekunde hizo zilitosha mtu kujitupa shimoni. Likitua kwenye udongo laini lilizama kwanza ndipo likapasuka, kwa hiyo vipande vingi viliishia ardhini au vikaruka juu. Wakazi wa Ladysmith walichimba mapango kwenye kingo za mto wakashinda humo mchana. Jumapili kwa kawaida mizinga ilinyamaza, kwa kuwa Makaburu waliishika dini, na watu walitoka kufua na kununua.

Muuaji alikuwa homa ya matumbo, akisaidiwa na kuhara damu. Mto ulikuwa na tope, watu na wanyama walibanana, nzi wakajaa. White alikubaliana na Joubert wagonjwa wapelekwe Intombi, kambi ya hospitali nje ya mji kando ya reli, na treni moja yenye bendera nyeupe iliruhusiwa kwenda na kurudi kila siku. Idadi ya wagonjwa ilipanda hadi karibu 2,000. Chakula kilipopungua, farasi wa vikosi walikosa nafaka, wakakonda, wakaanza kuchinjwa. Nyama ilichemshwa kwenye banda la injini za reli ikawa supu nzito waliyoiita chevril. Hapo ndipo penye hesabu ambayo msomaji wa leo huipita haraka. Jeshi lililokula farasi wake haliwezi tena kutoka, hata mlango ukiachwa wazi. Ladysmith ilipofunguliwa tarehe 28 Februari 1900, baada ya siku 118, askari wa White hawakuwa na nguvu za kuwafukuza Makaburu waliokuwa wakiondoka na magari yao ya ng'ombe mbele ya macho yao.

Kimberley nitaipitia upesi, ingawa ina mambo yake. Kampuni ya De Beers ilikuwa na karakana, maghala, na maji ya mgodini yaliyosaidia bomba la kutoka mto Vaal lilipokatwa. Fundi wake mkuu, Mmarekani George Labram, alitengeneza mzinga kamili ndani ya karakana kwa muda usiofika mwezi, akachonga na makombora yake ya kilo karibu 13. Wakauita Long Cecil kwa heshima ya Rhodes. Makaburu wakajibu kwa kuleta Long Tom. Mzinga huo ulikuwa umewahi kulipuliwa mdomo na Waingereza waliotoka Ladysmith usiku mwezi Desemba, ukapelekwa Pretoria, ukakatwa na kutengenezwa, ndipo ukaletwa Kimberley. Tarehe 9 Februari kombora lake lilimuua Labram hotelini. Siku chache baadaye wanawake na watoto wakashushwa migodini. Wafanyakazi Waafrika waliofungiwa kwenye kambi za migodi walikuwa wakiugua kiseyeye tangu mapema, kwa kukosa mboga.

Mafeking ndiyo iliyonifanya nikamate kalamu. Makala imempa Kanali Baden-Powell, aliyeongoza ulinzi wa mji, sifa zote na kuiita ile vita ya Wazungu kwa Wazungu. Katika mji ule Waafrika walikuwa mara kadhaa ya idadi ya Wazungu. Barolong, watu wa jamii ya Watswana, walikuwa na mji wao kando ya mto Molopo, ndani ya mstari wa ulinzi, na sehemu ya mstari huo waliilinda wao wenyewe kwa bunduki. Baden-Powell alikuwa mjanja, ni kweli. Alizika masanduku ya mchanga akitangaza kuwa ni mabomu, na aliwaamuru watu wake wainue miguu juu kana kwamba wanaruka seng'enge, ili Makaburu wanaotazama kwa darubini waamini kwamba seng'enge ipo. Lakini ujanja haujazi tumbo. Ng'ombe walioliwa Mafeking wengi waliporwa usiku kutoka malisho ya Makaburu na vikundi vya Barolong, na Mathakgong alikuwa kiongozi wao mashuhuri. Habari za nje zililetwa na tarishi Waafrika waliopenya katikati ya walinzi kwa miguu.

Mgawo wa chakula ulifuata rangi. Pumba za shayiri walizokuwa wakilishwa farasi zililowekwa, zikachachushwa, zikakamuliwa, na uji wake wakauziwa Waafrika. Waliopata shida zaidi si Barolong, ambao walikuwa na akiba kidogo. Walikuwa ni wageni, vibarua wa migodi ya Johannesburg waliokatikiwa na vita njiani wakirudi makwao. Hawakuwa na shamba, hawakuwa na ndugu, na mgawo uliwapita. Walihimizwa watoke usiku waende kaskazini ambako kulikuwa na ghala la chakula, na wengine walipigwa risasi na Makaburu au kurudishwa. Haya si maneno ya kupikwa. Sol Plaatje, mkalimani wa mahakama mjini humo aliyekuja kuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, aliandika shajara yake siku zilezile.

Na shambulio la mwisho la Makaburu, tarehe 12 Mei 1900, liliharibikia mikononi mwa Barolong. Sarel Eloff, mjukuu wa Rais Kruger wa Transvaal, alipenya usiku kupitia bonde la Molopo na kuchoma nyumba za Barolong, akakamata boma dogo pamoja na maofisa waliokuwemo. Moto wenyewe ukawaamsha watu mji mzima. Barolong wakawaacha wapite, kisha wakaziba pengo nyuma yao. Msaada ambao Eloff aliutegemea kwa Jenerali Snyman haukuja. Jioni akajisalimisha na watu wapatao 100. Siku tano baadaye mji ulifunguliwa.

Sepetu sasa. Tarehe 11 Desemba 1899, kwenye kilima cha Magersfontein njiani kwenda Kimberley, Koos de la Rey, jenerali wa Makaburu, alifanya jambo ambalo makamanda wenzake walilipinga kwanza. Desturi ilikuwa kuchimba juu ya kilima, unakomwona adui mapema. Yeye akataka mahandaki yawe chini, mbele ya mguu wa kilima, kwenye tambarare.

Sababu ni ya kihesabu. Mtu anayepiga risasi kutoka juu anaipeleka risasi ikishuka. Ikimkosa mlengwa inazama ardhini hatua chache nyuma yake. Tena mteremko unaficha sehemu ya chini, na adui akishafika hapo humwoni mpaka akuibukie. Anayepiga akiwa chini, mdomo wa bunduki ukiwa juu kidogo tu ya usawa wa ardhi, risasi yake inakwenda sambamba na tambarare. Mauser ya milimita 7 ilikuwa na mwendo kasi na risasi yake haikupinda sana, kwa hiyo kwa mita mia kadhaa ilikuwa kwenye kimo cha mtu njia nzima. Ikimkosa wa mstari wa kwanza inampata wa tatu au wa sita. Huhitaji hata kulenga vizuri, na gizani hilo ni jambo kubwa.

Handaki lenyewe lilikuwa jembamba, la kina, kuta zimesimama wima, ili mvua ya vyuma inayopasukia angani ipite juu. Udongo uliotoka ulisambazwa na kufunikwa kwa matawi. Baruti ya Mauser haikutoa moshi, kwa hiyo hata walipofyatua mahali pao hapakujulikana. Risasi tano ziliingia kwa mkupuo mmoja kwenye kishikizo, wakati bunduki ya Mwingereza ilijazwa moja moja kwa kidole. Hapo ndipo Mauser inapostahili sifa yake: ndani ya handaki lililochimbwa mahali panapofaa.

Jioni ya tarehe 10 Waingereza waliipiga Magersfontein kwa mizinga, wakakitikisa kilele cha kilima mpaka vumbi likafunika kila kitu. Kileleni hapakuwa na watu wa maana. Walichofanikiwa ni kuwaarifu Makaburu kwamba kesho watakuja. Usiku Brigedi ya Highland, watu karibu 4,000, ilitembea kwenye mvua na radi ikiwa imebanana safu kwa safu, wengine wakishikilia kamba wasipotezane. Jenerali Wauchope alichelewa kuwatawanya kwa sababu ya vichaka vya miiba. Alfajiri, wakiwa mita 400 hivi kutoka kwenye handaki na wamebanana bado, ardhi mbele yao iliwaka moto. Wauchope alikufa mwanzoni kabisa. Waliosalia walilala kifudifudi juani karibu nusu ya siku bila maji, wakiwa wamevaa zile sketi zao za Kiskoti, na nyuma ya magoti yao ngozi ilibabuka kwa jua hata wengi wakashindwa kutembea. Anayenyanyua kichwa anapigwa. Mchana walivunjika wakakimbia. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 900, waliokufa na waliojeruhiwa.

Siku nne baadaye, Colenso, Louis Botha, kamanda wa Makaburu aliyekuwa na miaka 37, alifanya jambo linalofanana na hilo kwenye kingo za Tugela. Buller alipoteza zaidi ya watu 1,100 na mizinga 10. Wahindi wa Natal wapatao 1,100, Gandhi akiwa mmoja wa viongozi wao, walibeba majeruhi.

Sepetu hiyohiyo ilipokosekana, waliumia wengine. Spion Kop, usiku wa tarehe 23 Januari 1900. Waingereza 1,700 chini ya Jenerali Woodgate walipanda kilima chenye mita zaidi ya 400 juu ya bonde, kwenye ukungu, na kukishika bila tabu. Kazi ikabaki moja, kuchimba. Walikuwa na sururu 20 na masepetu 20. Mifuko ya mchanga ilisahaulika chini. Udongo ulikuwa kiganja tu, chini yake mwamba. Wakapata handaki lisilofika hata magotini. Kibaya zaidi, kwa sababu ya ukungu walilichora mahali ambapo si ukingo. Ukungu ulipoinuka asubuhi wakagundua kwamba mbele yao kuna ardhi inayoshuka wasiyoiona, ambayo Makaburu waliweza kuipanda hadi karibu kabisa, na kwamba kilima kidogo upande wao wa kulia, Aloe Knoll, kinatazama moja kwa moja ndani ya handaki kwa urefu wake. Risasi zilizotoka huko ziliufagia mstari mzima. Watu wengi walikutwa wamepigwa upande wa kulia wa kichwa. Kioo cha kutumia ishara kwa mwanga wa jua kilivunjwa na kombora, mawasiliano yakakatika, na Woodgate akapigwa jeraha lililomuua.

Usiku Kanali Thorneycroft, aliyekabidhiwa kilima, aliamuru kushuka. Wakati huohuo Makaburu walio wengi nao walikuwa wameshashuka upande wao wakidhani wameshindwa, na Botha alikesha akiwasihi warudi. Alfajiri Makaburu wachache wakapanda, wakakuta kilima kina maiti tu. Handaki likawa kaburi, na mpaka leo limejengewa mawe palepale lilipokuwa. Mashabiki wa Liverpool waliojaa Moshi na Arusha wanalitaja jukwaa la Kop kila wikiendi. Lilipewa jina la kilima hiki mwaka 1906.

Makaburu walishindwaje basi? Lord Roberts, amiri mpya wa Waingereza, aliacha kugonga mlango wa mbele. Februari 1900 aliiacha reli, akazunguka ubavu wa Magersfontein, akampeleka Jenerali French na wapanda farasi moja kwa moja Kimberley. Mahandaki ya De la Rey hayakuvunjwa. Yalizungukwa, yakawa hayana kazi. Jenerali Cronje wa Makaburu, aliyekuwa akiyashikilia, aliondoka kachelewa, na magari yake ya ng'ombe yakamfanya atembee kwa mwendo wa ng'ombe. Akanaswa Paardeberg, akajichimbia kingo za mto Modder, naye sasa akawa ndiye aliyezingirwa. Hata hapo sepetu ilifanya kazi: Waingereza walipomshambulia ana kwa ana tarehe 18 Februari walipoteza watu zaidi ya 1,200 kwa siku moja. Walipoacha kushambulia na kungoja, alijisalimisha tarehe 27 akiwa na watu 4,000 hivi. Nguvu za Roberts zilikuwa farasi, na aliwamaliza. Waingereza walipoteza farasi zaidi ya 300,000 katika vita ile yote, wengi kwa njaa, uchovu na maradhi.

Naja nyumbani. Jan Smuts, aliyeimaliza vita ile akiwa upande wa Makaburu, akiuzingira mji wa shaba wa Okiep alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani Aprili 1902, ndiye aliyeletwa Februari 1916 kuongoza majeshi ya Mwingereza dhidi ya Wajerumani hapa kwetu, katika Vita Kuu ya Kwanza. Wiki moja kabla hajafika, tarehe 12 Februari, Brigedi ya Afrika Kusini ilitumwa kukishambulia kilima cha Salaita, mashariki ya Taveta. Mizinga ikakipiga kilele. Askari wa Kijerumani, yaani Waafrika wenzetu chini ya maofisa Wajerumani, walikuwa kwenye mahandaki yaliyofichwa vichakani chini ya kilima. Vijana wa Afrika Kusini, ambao kila mmoja alilijua jina la Magersfontein, walitembea wakaingia kwenye moto uleule. Askari walipotoka na singe kuwafukuza, waliowazuia walikuwa Wabaluchi, wale askari wa Kihindi ambao Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau kambini.

Smuts hakurudia. Mwezi Machi alimpeleka van Deventer, Kaburu mwenzake, na wapanda farasi wazunguke kaskazini kupitia Ziwa Chala, na Salaita ikaachwa bila kupiganiwa. Kilichofuata ni Latema na Reata, tarehe 11 na 12 Machi, na hapo Spion Kop ilijirudia ikiwa imegeuzwa. Vikosi vya KAR (King's African Rifles, askari Waafrika wa Mwingereza), Wabaluchi na Warhodesia vilishindwa kuviteka vilima mchana, na Kanali Graham wa KAR aliuawa. Usiku batalioni mbili za Afrika Kusini zikapanda kwa singe, zikavunjikavunjika vichakani, na amri ikatolewa warudi nyuma. Kulipokucha ikaonekana vikundi vichache vilivyobaki juu ndivyo vinavyoshikilia kilima, na Wajerumani wanaondoka. Safari hii waliobaki kileleni hawakushuka. Waliowaondoa Wajerumani hasa ni farasi wa van Deventer waliokuwa wakielekea njia ya Moshi nyuma yao. Katikati ya Machi Moshi ikawa mikononi mwa Smuts. Ila mzunguko wa upande wa pili, wa Jenerali Stewart kutoka Longido kupita kati ya Meru na Kilimanjaro, ulichelewa, mfuko haukufungwa, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akateleza kuelekea Kahe. Baada ya hapo mbung'o wakawamaliza farasi, na bila farasi ule mtindo wa kuzunguka ukawa mtindo wa wapagazi.

Kwa waongoza wageni wanaovusha watu Holili kwenda kuviona vilima hivi, ombi moja. Msianzie kileleni. Huko kuna upepo na picha nzuri tu. Kwa Salaita, anzeni upande wa mashariki walikotokea washambuliaji, mtembee kuelekea kilima, na mgeni alale chini mara moja atazame tambarare kwa usawa wa jicho la aliyekuwa handakini. Ataelewa kwa dakika tano yale ambayo mimi nimejaza kurasa kuyaeleza.

Mwisho, masahihisho matatu kwa ajili ya kumbukumbu zenu. Mafeking ilizingirwa siku 217, si 271 kama ilivyochapishwa. Pili, hii haikuwa mara ya kwanza kwa Makaburu kuwazingira Waingereza. Walifanya hivyo Durban mwaka 1842, na Potchefstroom mwaka 1880 hadi 1881, ambako Cronje huyuhuyu aliwaficha waliozingirwa habari kwamba vita vimesimamishwa mpaka wakajisalimisha kwa njaa. Tatu, sanduku lenu la takwimu za kambi za wakimbizi, zile ambako Waingereza waliwafungia raia, limewataja Makaburu tu, karibu 28,000 waliokufa, wengi watoto. Kambi za Waafrika zilikuwepo pia, na waliofia humo walioandikwa ni zaidi ya 14,000.

Msomaji wenu,
Soweto, Moshi